Mwanga wa Serikali

Mthamini alinusa kamera kabla ya kuitazama. Uliiweka juu ya meza yake ndefu ya mbao pale ghala la forodha, naye akavua miwani, akainama, akaisogeza pua mpaka karibu igusane na ngozi ya mkoba, akavuta pumzi taratibu kama mtu anayepima kama pilau imeiva. Kisha akanyanyuka na kusema, "Hii haijawahi kunyeshewa."

Basi, umekwisha. Mkoba usiowahi kunyeshewa ni mkoba mpya. Kamera iliyomo ndani ni mpya. Na kamera mpya katika Kampala ya utawala wa wanajeshi ilihesabiwa kuwa anasa, kundi moja na manukato na mvinyo.

Jina lake nalijua, na nyumba yake ya Nateete naijua, lakini sitayaandika. Alitumia miaka yake akivipa vitu vya watu thamani aliyoitaka yeye. Mimi namwachia cheo tu, inamtosha.

Mimi si mtu wa kusimulia habari za kusikia. Nilisomea upigaji picha Ujerumani, miaka mitatu, nikiosha vyombo vya hoteli usiku ili nilipie masomo ya mchana. Sikusaidiwa na mjomba wala askofu wala waziri. Nilirudi na diploma yenye mhuri wa chuo, na nilikuwa, bila kujisifu kupita kiasi, mtu pekee Kampala nzima aliyeweza kukuza picha ya rangi kwa mikono yake. Wahindi waliokuwa na studio za Old Kampala walikuwa wamekwisha kufukuzwa; maduka yao yaligawiwa watu wasiojua hata upande upi wa filamu unaotazama mbele. Mimi sikugawiwa duka. Nilipanga, nikalipa kodi, nikaandika jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu. Nilichokosa ni kitu kimoja: kamera yangu, kamera kubwa ya Kijerumani niliyoinunua kwa jasho, pamoja na filamu na maboksi ya karatasi za picha, vitu vilivyokuwa vinakuja nyuma yangu kwa meli na treni. Vilifika. Vikafikia kwa Mthamini.

Lazima nieleze jinsi ushuru ulivyokuwa ukifanya kazi, kwa sababu vijana wa leo hudhani tulikuwa tunauza picha ghali kwa tamaa. Forodha haikutoza bei ya kamera peke yake. Ilichukua bei, ikaongeza nauli ya meli, ikaongeza bima, kisha ikaweka ushuru wa anasa juu ya jumla hiyo. Halafu juu ya ushuru ikaja kodi ya mauzo. Ulilipa kodi kwa sababu ulikuwa umelipa ushuru. Filamu iliyouzwa Nairobi kwa bei ya kuku, ikivuka mpaka wa Busia kwa njia halali, ilikuwa imefikia bei ya mbuzi. Ikipita kwa magendo ilikuwa mbuzi vilevile, maana mfanya magendo si mjinga, hutazama bei ya dukani ndipo apange yake. Mwisho wa safari hiyo yote alikaa mama mmoja na watoto wake kwenye benchi la studio, amewapaka mafuta, akaambiwa bei ya picha moja, akawashika mkono akaondoka nao.

Mthamini alikuwa na jibu la mambo hayo yote. Alilitoa polepole, akifuta miwani kwa ncha ya kanzu. "Daktari ana sindano, mkulima ana jembe. Hivyo ni vyombo vya kazi. Picha? Nani amekufa kwa kukosa picha?"

Nililisikia swali hilo mara nyingi. Mara ya kwanza niliulizwa mimi.

Lakini kwanza niseme juu ya kuzeesha. Wapiga picha wa Kampala walikuwa na ufundi usiofundishwa chuoni. Kwa sheria, msafiri aliyevuka na kamera yake mwenyewe aliyokwisha kuitumia hakutozwa kitu. Kwa hiyo mtu alinunua kamera mpya Nairobi, na kabla ya kufika Busia aliketi nyuma ya kibanda cha chai akaizeesha. Aliisugua kingo kwa vumbi la matofali. Aliufukiza mkoba juu ya jiko la makaa. Aliondoa mkanda wa ngozi akafunga kamba ya katani. Kisha akaivaa shingoni, akavuka akitazama ndege angani kama mtalii.

Vitu vikitiliwa shaka vilipelekwa Kampala kwa Mthamini, naye hakudanganyika. "Moshi huu ni wa jana," alikuwa akisema. Pua ikishindwa, alikuwa na mtihani mwingine. Alikupa filamu na kukuambia uiweke ndani ya kamera yako huku unamtazama yeye machoni. Mtu aliyeishi na kamera yake, vidole vinajua njia. Mtu aliyeinunua juzi hutazama chini. Ukitazama chini, umetozwa.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameusugua mkoba wake kwa mafuta ya samaki, akidhani harufu kali itaishinda pua ya mzee. Mthamini alinusa, akapiga chafya, akaandika ushuru wote wa kamera, kisha akamwuliza kwa upole mkubwa, "Na samaki mwenyewe umemwacha wapi, ssebo, bwana wangu? Naye tumtoze."

Ghala zima lilicheka. Hata mimi nilicheka siku hiyo. Namchukia, lakini alikuwa anachekesha.

Alikuwa na mambo mengi yasiyolingana. Hakula rushwa. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, si kwa kumsifu. Mla rushwa unajua unavyoishi naye: unampa chake, unachukua chako, mnasalimiana msibani. Mthamini hukuweza kumpa kitu. Siku moja kepteni mmoja wa jeshi aliingia na begi la kamera, akagonga meza kwa kitako cha bastola.

"Wewe mzee! Fungua njia! Hii kamera ni ya kazi ya serikali!"

"Kamera ya serikali huja na barua ya serikali, afande," akajibu Mthamini. "Keti. Chai inakuja."

"Unajua mimi nani?"

"Nitakujua ukishalipa. Jina linaandikwa kwenye risiti."

Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulianza kutazama sakafu. Watu walikuwa wanatiwa ndani ya buti za magari kwa maneno madogo kuliko hayo. Kepteni alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi. "Huyu mzee kichwa yake mbaya sana!" Akalipa. Na Mthamini akainusa kamera ya kepteni kama alivyonusa za wengine.

Wenzangu waliisimulia habari hiyo miaka na miaka kama sifa. Mimi naiona kwa jicho jingine. Mtu mwenye moyo wa kuikatalia bastola alikuwa na moyo wa kuikatalia sheria mbovu. Hakutaka. Kwake sheria ilikuwa kama mkanda kwa suruali: ndiyo iliyomshikilia.

Siku yangu ilipofika, sikuzeesha chochote. Mimi? Mtu wa diploma, nifukize mkoba kama mwizi wa Busia? Nilivaa suti. Nililaza diploma mezani, karibu na kamera, nikatangaza kwamba ni mpya, kwamba ni yangu, na kwamba ni chombo cha kazi, hivyo kinastahili ushuru mdogo wa vyombo vya kazi. Nilisema kwa Kiswahili safi na kwa Kiingereza safi.

Akainusa kamera. Akaisoma diploma, mstari kwa mstari, ingawa ilikuwa kwa Kijerumani. Akairudisha kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Hii haitozwi ushuru," akasema. "Ile inatozwa."

"Mzee, hiyo ni kazi yangu. Bila hiyo mimi si kitu."

"Kijana, nani amekufa kwa kukosa picha?"

Ushuru alioandika ulipita bei niliyoinunulia kamera. Sikuwa nao. Kamera ikawekwa lebo ikapelekwa nyuma, kungojea mnada kama sitarudi na fedha. Zilibaki filamu na karatasi, ambazo ushuru wake ningeweza kuulipa. Hapo ndipo alipoomba kisu.

Maboksi ya karatasi za picha yameandikwa kwa lugha nne kwamba yasifunguliwe mwangani. Ndani kuna bahasha nyeusi, na ndani ya bahasha kuna karatasi ambazo mwanga wa kiberiti tu unaziua. Nilimshika mkono. Nilimwambia: zikiona jua zimekufa, Mzee, pima kwa uzito, hesabu maboksi, niapishe ukitaka.

"Maandishi ya nje yanasema karatasi mia," akasema. "Forodha haisomi maandishi ya nje. Forodha inahesabu."

"Mwanga utaziharibu!"

Akanitazama juu ya miwani, kwa huruma, kama baba anayemweleza mtoto kwamba sindano haiumi. "Mwanga wa serikali hauharibu kitu."

Akafungua boksi moja baada ya jingine, chini ya dirisha kubwa, jua la saa tano likimwagika mezani. Akazihesabu karatasi zangu kwa kulowesha kidole kwa mate. Filamu akazivuta kutoka kwenye vikebe vyake kama mtu anayetoa utumbo wa kuku, aone kama hakuna dhahabu iliyofichwa ndani. Hesabu ilitimia. Alifurahi kwamba ilitimia. Kisha akanitoza ushuru kamili kwa takataka, na mimi, mbele ya foleni nzima, nikalipa.

Nilikwenda kwake Nateete mara moja tu, kumwomba anipe muda zaidi kabla ya mnada. Nilikuta nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, imefagiliwa, na mawaridi yamepandwa kwenye makopo ya mafuta. Alinipokea kama mtoto wa dada yake. Alinikalisha kwenye kiti chake, akaleta chai ya tangawizi na mandazi aliyoyakaanga mwenyewe, akanilazimisha kula. "Mgeni hatozwi," akasema, akacheka peke yake.

Ukuta mzima mbele yangu ulikuwa na picha. Mthamini kijana kwenye baiskeli. Mthamini na mkewe marehemu, siku ya ndoa. Mama yake kwenye kiti cha ukindu. Watoto wake, mwaka kwa mwaka, wakirefuka. Zote zimepigwa studio, kwa karatasi nzuri.

"Zamani," akasema alipoona ninakotazama, "Mhindi wa pale Old Kampala alitupiga kwa senti chache. Kila Idi. Ushuru ulikuwa mdogo."

Alilitamka neno hilo na kikombe mkononi, wala halikumkwama. Muda hakunipa. Alinisindikiza mpaka stendi ya teksi, akanipiga begani, akanipungia mkono.

Kuna mtu wa tatu katika habari hii, na kama si yeye huenda ningekwisha kusamehe. Alikuwa mama kutoka Kisugu, mke wa sajini wa polisi, watu wa kaskazini. Walikuja studio kwangu yeye, mumewe na watoto, juma lile lile nililotoka forodhani na karatasi zilizokufa. Sajini alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alitaka picha moja ya familia, maana hawakuwahi kupiga. Nilikuwa na kamera ndogo ya kuazima, lakini sikuwa na filamu hata moja iliyo hai wala karatasi.

"Rudini mwezi ujao, afande," nikamwambia. "Nitakuwa nimepata nyingine."

"Sawa, mwalimu," akasema. Aliniita mwalimu kwa ajili ya diploma iliyokuwa ukutani. "Sisi tupo tu."

Mwezi uliofuata alikuja mama peke yake. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mimi naomba picha ya baba ya watoto."

"Nyabo, mama, hatukupiga. Nilikosa filamu, unakumbuka?"

"Walikuja kuchukua yeye Jumanne. Na gari. Mimi nazunguka kila mahali kuuliza. Wananiuliza, anafanana namna gani? Mimi nasema mrefu, mweusi, ana kovu hapa. Wananiambia, mama, wote warefu, wote weusi. Leta picha." Kisha akasema kama mtu anayejaribu bei ya pili, "Hata kama imetoka vibaya. Hata kama ni nusu."

Nilifungua droo. Sijui kwa nini niliifungua; nilijua hakuna kitu. Alitazama ndani ya droo, akanitazama mimi, akaniambia, "Asante, mwalimu." Mumewe hakuonekana tena. Mama yule aliendelea kupita mbele ya duka langu akienda sokoni, na kila alipopita alitazama kwenye kioo cha nje, kwenye picha za maharusi wa watu wengine. Watoto wake walikua mbele ya macho yangu bila uso wa baba.

Kamera yangu iliuzwa mnadani. Nilikwenda, nikakuta imeshakwenda. Dalali alisema aliyenunua alilipa taslimu na hakutaka jina lake litajwe. Niliinuka tena bila kamera ile, maana mimi si mtu wa kulala chini. Nilinunua vitu kwa magendo, nikawapiga maharusi, wahitimu na mabwana wakubwa wenye medali, na studio yangu ikawa ya kwanza katika mtaa. Lakini swali la Mthamini niliendelea kulihifadhi, kama mtu anavyohifadhi risiti.

Mthamini alikuja studio kwangu wakati wanajeshi wa utawala walipokuwa wanashindwa vitani na mizinga ilipoanza kusikika upande wa Masaka. Maofisa wa serikali walikuwa wanaondoka kwa kila njia, wengine kwa haki, wengine kwa hofu tu. Mji ulikuwa umeanza kuwanyooshea watu vidole: yule alikuwa mtu wao, yule pia. Mthamini hakumpiga mtu kofi maisha yake yote, lakini kepteni alikuwa amekunywa chai mezani kwake mbele ya foleni, na foleni haikusahau.

Aliingia mchana, amekonda, kanzu imemlegea. Mkononi alikuwa na kifurushi cha kitambaa.

"Kijana wangu, nataka picha za hati ya safari. Nne. Afisa atazibandika leo leo, jioni napanda basi la Busia. Nikibaki, wataniua. Nikifika vizuizini bila picha, wataniua."

Nilimwacha asimame. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa miaka, na yalikuja matamu kuliko nilivyotegemea.

"Nani amekufa kwa kukosa picha, Mzee?"

Aliinamisha kichwa. Hakuomba radhi. Alifungua kifurushi, akaiweka mezani kamera yangu.

"Niliinunua mimi," akasema. "Nisingeinunua, ingekuwa shingoni mwa kepteni. Nilitaka kukurudishia sheria ikibadilika. Haikubadilika."

Niliinama nikainusa. Ngozi ilikuwa bado mpya. Haijawahi kunyeshewa. Miaka yote hiyo ilikuwa imelala sandukuni mwake, haikupiga picha hata moja, huku mama wa Kisugu akitazama maharusi wa watu. Kama alitegemea hilo litaniyeyusha, alinithamini vibaya, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuthamini kitu vibaya.

"Keti," nikamwambia.

Nilimpiga vizuri. Mimi siwezi kupiga picha mbaya, hata ya adui. Nikaingia chumba cha giza na hasi yake, ile filamu yenye uso wake.

Karatasi ya picha hupita kwenye maji ya aina mbili. Dawa ya kwanza huutoa uso. Ya pili huugandisha, ili mwanga usiweze kuugusa tena. Picha isiyopita ya pili inapendeza kabisa gizani na ndani ya bahasha, na ndani ya ofisi yenye kivuli inaweza kuvumilia. Ukiitoa juani inaanza kuwa ya waridi, kisha ya kahawia, na kila askari atakayeifungua aikague ataongeza giza, mpaka hati iwe na mraba mweusi mahali pa mtu.

Beseni la dawa ya pili lilikuwa karibu na kiwiko changu. Niligandisha picha moja. Zile nne nilizisuuza tu, nikazikausha, nikazitia kwenye bahasha nyeusi, ileile ya karatasi zangu za zamani, niliyokuwa nimeitunza.

Nilimwonyesha ile moja. Alijitazama kwa muda mrefu. "Umenipiga vizuri sana," akasema, na macho yalimlowa. "Mkono wako mwepesi."

"Ni diploma," nikamjibu. Nikampa bahasha. "Usiifungue mwangani, Mzee."

Hapo alitabasamu, tabasamu la zamani la nyuma ya meza, akanipiga begani kama alivyonipiga kule stendi ya Nateete. "Mwanga wa serikali hauharibu kitu."

Akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Jua lilikuwa kali, mtaa umekuwa mtupu. Nilidhani angalau ofisini atafika nazo salama, na kwamba safari ndiyo itakayommaliza, kidogokidogo, kizuizi kwa kizuizi. Lakini mtu huishi na mazoea yake. Hatua chache tu kutoka mlangoni pangu alisimama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Akafungua bahasha. Akalowesha kidole kwa mate, akaanza kuzihesabu juani, moja moja, akiinua kila moja juu aikague vizuri.

Hesabu ilitimia. Niliona kwa mabega yake kwamba alifurahi.